Jazeni Visanduku Vyote

Mazungumzo na wazazi wa Kiasia waliotoka Afrika Mashariki, Leicester, Uingereza, Jumamosi tarehe 18 Oktoba

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, hamjambo. Na ninyi watoto mlioburutwa hapa asubuhi ya Jumamosi, poleni, keki ziko meza ya nyuma.

Tunazungumza Kiswahili leo kwa sababu humu ndani kuna Wagujarati wa Mombasa na Kampala, Wapunjabi wa Nairobi na Kisumu, Wagoa wa Dar es Salaam. Bibi wa Kipunjabi na bibi wa Kigujarati wakikutana Belgrave Road kununua mogo, yaani muhogo, wanapatana bei kwa lugha hii. Mlioingia majuzi kutoka India moja kwa moja, kaeni karibu na jirani wa kuwatafsiria. Jirani, tafsiri polepole, na usiongeze ya kwako.

Nina jambo moja. Nimelisema hekaluni, nimelisema gurudwara kwa Masingasinga, nimelisema harusini watu wakiwa na sahani mkononi. Fomu ya kuombea sekondari ina visanduku kadhaa vya machaguo. Sheria inasema visipungue 3, na London ni 6. Jazeni vyote. Kila kisanduku shule yake, kwa mpangilio mnaoupenda kweli moyoni. Mwisho wa kuipeleka kaunsili, yaani halmashauri ya mahali unapoishi, ni tarehe 31 mwezi huu. Zimebaki siku 13.

Naona mnatazamana. Najua kwa nini. Kila familia humu ina mjomba, na mjomba amesema: "Andika shule moja tu. Kaunsili wakiona umeandika moja watajua umekaza, hawatakuwa na pa kukupeleka ila hapo." Au amesema: "Shule ikiona umeiweka ya pili, haitakutaka."

Mjomba wenu hakuwadanganya. Zamani kulikuwa na shule zilizokuwa zikiwapa nafasi kwanza walioziweka namba moja, na ukiiweka ya pili ulijikuta mwisho wa foleni. Utaratibu huo ulipigwa marufuku na Kanuni za Usajili za mwaka 2007. Mwaka 2007! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha maliza sekondari. Lakini ushauri wa mjomba bado unazunguka mjini, unapita dukani, unapita kwenye simu, na kila Machi unawaliza watoto.

Sasa sikilizeni inavyokwenda siku hizi. Unapeleka fomu kwa kaunsili ya mahali unapoishi, hata kama shule unayoitaka iko chini ya kaunsili nyingine. Nyinyi wa Oadby na Wigston, kaunsili yenu ni ya kaunti ya Leicestershire, si ya jiji, msipeleke fomu kusiko. Kaunsili inazipelekea shule majina. Shule haioni umeiweka ya ngapi. Haioni! Inapanga majina kwa vigezo vyake ilivyokwisha kuvitangaza. Mtoto ambaye mpango wake rasmi wa mahitaji maalumu umeitaja shule hiyo lazima apokewe. Halafu wanakuja watoto wanaolelewa na kaunsili, na baada yao, kwa shule nyingi, wenye kaka au dada hapo, wanaokaa ndani ya eneo la shule, wenye nyumba iliyo karibu zaidi. Orodha zinarudi kaunsili. Mtoto akiwa amefuzu kwa shule mbili, anapewa ile mliyoiweka juu, na ile ya chini anaachiwa mwenzake. Kwa hiyo kuandika shule ya pili hakupunguzi hata chembe bahati yako kwa ile ya kwanza.

Na ukiandika moja ukaikosa? Kaunsili inakungojesha mpaka waliojaza vizuri wamalize kugawiwa, ndipo inatazama ni wapi pamebaki viti. Panapobaki viti ni pale ambapo wengine hawakupataka, au mbali, au vyote viwili.

Nitawaeleza habari ya mama mmoja. Jina silitaji, na wanaomjua wanyamaze. Alikuja kutoka Mombasa, mume wake dereva wa teksi, mtoto wao mvulana, mpole, hodari wa hesabu. Aliniita nyumbani kwake mwezi Februari kwa jambo lingine kabisa, barua ya benki. Tumekaa jikoni, kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, sufuria ya mogo na nazi inachemka. Nikauliza tu, kwa mazungumzo, mtoto umemwombea wapi? Akainuka, akaenda kabatini, akarudi na koti. Koti la sare! Jipya, bado liko ndani ya mfuko wake wa plastiki, nembo ya shule kifuani, lebo ya bei haijakatwa. Amelinunua Desemba. Matokeo yanatoka tarehe 1 Machi. Akamwita kijana alivae nimwone. Kijana akavaa, mikono inafika vidoleni kwa sababu mama kanunua kubwa ili lidumu. Akasimama hapo mlangoni, amenyooka kama askari wa gwaride.

Nikamwambia, dada, nionyeshe nakala ya fomu. Akaitoa kwenye bahasha alimotunza pasipoti. Kisanduku cha kwanza, ile shule ya nembo. Cha pili, ileile. Cha tatu, ileile. Kaandika kwa herufi kubwa, vizuri sana, mara tatu. "Ili waelewe," akaniambia.

Nilihesabu vituo vya basi kutoka pale kwake mpaka shule ile. Hawakuwa eneo lake, hawakuwa na mtoto mwingine pale, na nyumba zilizo karibu zaidi na shule zilikuwa nyingi. Na dakika saba kwa miguu kutoka mlango wake kulikuwa na sekondari nyingine, yeye yumo ndani ya eneo lake kabisa, ambayo kama angeiandika kwenye kisanduku cha tatu angeipata. Hakuiandika kwa sababu shemeji yake alimwambia haina jina.

Tarehe 1 Machi ikaja. Ile ya nembo, hapana. Ile ya dakika saba ilikuwa imejaa. Kijana akapangiwa upande wa pili wa jiji, basi mbili kwenda, basi mbili kurudi, na Desemba kunakuwa na giza anapotoka na giza anaporudi. Lile koti likarudishwa dukani. Aliyelirudisha ni mvulana mwenyewe. Mama hakuweza.

Aliingia orodha ya kungoja ya ile shule ya karibu, na mwaka uliofuata kiti kikapatikana. Lakini mtoto wa miaka 11 alikaa mwaka mzima akiamini kwamba alifeli kitu. Hakufeli kitu chochote! Hakuna mtihani. Ni visanduku viwili vilivyopotezwa. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "andika moja tu" damu inanichemka, nisameheni.

Kuna mtu atasema: mbona unatulaumu sisi, wazungu wamekaa hapa miaka yote wanajua mambo yao. Ni kweli, na hatukuanza sawa. Septemba 1972, Amin ameshawapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, kaunsili ya jiji hili ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwataka wasije Leicester. Miongoni mwa sababu: mamia ya watoto wanangojea nafasi za shule. Yaani shule ndiyo iliyotumika kutufukuza kabla hatujafika. Kabla ya hapo, mwaka 1965, waraka wa wizara ya elimu ulishauri watoto wa wahamiaji wasizidi kama theluthi moja katika shule, na kule Southall na Bradford watoto wa Kiasia wakawa wanapakiwa kwenye mabasi kila asubuhi kupelekwa mitaa ya mbali, wakati shule iko mwisho wa barabara yao. Mambo hayo yaliendelea mpaka karibu na mwaka 1980.

Mimi nilifika kutoka Mwanza mwaka 1974, nina miaka 9. Baba alinishika mkono tukaenda shule ya karibu. Mwanamke mmoja dirishani akasema pamejaa. Baba alivua kofia, akasema asante sana, tukarudi nyumbani. Nilikaa nyumbani wiki sita. Baba hakuuliza pamejaa darasa gani, nani ameamua, nimwandikie nani barua. Mtu aliyekwisha kuambiwa na gazeti kwamba mwanawe ni mzigo, atauliza nini? Sasa ninyi mna haki ambazo baba hakuwa nazo. Mna haki ya kutaja shule mnayoitaka. Mna haki ya kujibiwa kwa maandishi. Mna haki ya rufaa. Mtu akiziacha haki hizo zilale kwa sababu ya neno la shemeji, namwona baba yangu pale dirishani.

Haya, wageni wa karibuni. Mnaogopa kwamba shule itauliza viza. Shule ya serikali haina ruhusa ya kumnyima mtoto nafasi kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji, na kukagua pasipoti si kazi yake. Inaweza kutaka uthibitisho wa anwani: mkataba wa nyumba, bili ya kodi ya kaunsili. Mtoto akishapewa nafasi inaweza kutaka cheti cha kuzaliwa kuona umri, na hata hapo ni kile kifupi, si kile kirefu chenye habari za wazazi. Ni kweli mwaka 2016 serikali ilianza kukusanya uraia wa wanafunzi kwenye sensa ya shule. Watu walipiga kelele, na mwaka 2018 swali hilo likaondolewa. Kwa hiyo msiwafungie watoto ndani kwa hofu. Mtoto aliyefika katikati ya mwaka hangoji Septemba, kuna maombi ya kati ya mwaka, piga simu kaunsili kesho kutwa asubuhi.

Mwingine ananiambia: "Mwanangu alikuwa wa kwanza darasani kule Rajkot, India, hapa wamemweka na wakubwa." Hapa darasa ni umri tu. Aliyezaliwa tarehe 31 Agosti na aliyezaliwa 1 Septemba wanapishana mwaka mzima wa shule. Usigombane na mwalimu kwa hilo, gombana akipewa vitabu vya kuchora kwa sababu tu Kiingereza chake ni kichanga. Mtoto aliyefanya hesabu za sehemu kwa Kigujarati bado anazijua. Peleka daftari zake za zamani, ziweke mezani, mwalimu azione kwa macho yake. Nimeona daftari moja la jalada la kahawia likimhamisha mtoto kundi la hesabu siku ileile.

Na anwani iwe ya kweli. Wanaotumia nyumba ya shangazi, kaunsili inakagua, na nafasi inaweza kunyang'anywa hata baada ya kutolewa. Ukitaka eneo la shule fulani, hamia kwanza.

Shule yenye jina ni ipi? Tangu Septemba 2024 wakaguzi wa shule wa serikali, Ofsted, hawatoi tena lile neno moja la jumla kwa shule za serikali, kwa hiyo anayekuambia "ile ni bora kabisa" anasoma bango la zamani langoni. Nenda mwenyewe siku ya kutembelea. Muulize mwalimu, mtoto aliyefika Januari bila Kiingereza alikaa na nani wakati wa chakula? Atakayekujibu kwa habari ya mtoto mmoja wa kweli, shule hiyo iandike.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya shule za dini, za Kihindu, za Kisingasinga na za Kiislamu zinazolipiwa na serikali, niseme tu zipo na fomu ni hiihii, ila nyingine zina karatasi ya ziada ya kujaza, iulizeni mapema. Shule za kulipia, tangu Januari 2025 zina kodi ya asilimia 20 juu ya ada, pigeni hesabu kwa miaka 7, si kwa muhula mmoja. Vilemba: tangu hukumu ya mwaka 1983 ya Mahakama ya Mabwana, iliyokuwa ya juu kabisa wakati ule, kumzuia Singasinga kwa sababu ya kilemba ni ubaguzi wa rangi kisheria. Msiruhusu mtu awafungulie upya mjadala huo.

Rufaa: mnapewa angalau siku 20 za shule kuandika. Jopo ni huru, si la shule. Kwa sekondari jaribuni, kwa sababu mnaweza kushinda. Kwa madarasa ya wadogo kabisa, sheria inaweka watoto 30 kwa mwalimu, na hapo ni vigumu mno. Nisikilizeni, wenye watoto wanaoanza shule mwakani: fomu yenu ni mpaka 15 Januari, na visanduku ni vilevile.

Vijana wa miaka 15 wanaofika katikati ya masomo ya GCSE, mitihani ya miaka 16, wanahitaji siku yao peke yao, tutawapangia.

Sasa tusogeze viti. Kompyuta nne ziko mezani, na za karatasi zipo kwa wasiopenda mashine. Kila mtu aje na anwani yake, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na majina ya shule anazotaka, moja iwe ile ya karibu na nyumbani. Mama mwenye shali ya kijani, umenyoosha mkono tangu nilipoanza, njoo uwe wa kwanza. Na huyo mjomba uliyekuja naye, mwambie akae hapa kando yangu.