Kutunga Swichi za Mbali za Homoni ya Ukuaji kwa Uzi na Shanga

Karibuni tena, walimu wenzangu na wanafunzi, kwenye meza yangu hapa Umoja, Nairobi. Leo tutatunga kipande cha kromosomu ya 17 ya binadamu, kile chenye jeni za homoni ya ukuaji, ili tuone kwa macho jinsi swichi, yaani kipande cha DNA kinachowasha jeni, ingawa iko mbali na jeni hiyo, inavyoamua homoni ipi itengenezwe katika kiungo kipi. Shanga nauza mwenyewe, wala silifichi hilo, lakini vifungo vya mashati makuukuu navyo vinafaa.

Kateni uzi wa mita moja. Mimi napendelea uzi wenye nta, kwa kuwa wa nailoni ukikunjwa hujinyoosha wenyewe na kuniudhi. Kila sentimita moja itasimama badala ya besi 1000, yaani "herufi" 1000 za DNA. Tungeni shanga ya buluu, yaani jeni GH1, kwenye sentimita ya 40 kutoka kushoto, kisha nyeupe nne upande wake wa kulia: CSHL1, CSH1, GH2 na CSH2, zote tano zikienea takriban sentimita 47. Hapo nimeharakisha picha, kwa maana hapana ugumu. Jeni hizi zinafanana kwa zaidi ya asilimia 90, lakini ya buluu hufanya kazi katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na zile nyeupe katika kondo la nyuma.

Sasa tulieni. Swichi zinakaa kushoto kwa shanga ya buluu, na umbali wake hupimwa kuanzia shanga hiyo, si kuanzia ncha ya uzi. Narudia: wekeni sifuri ya rula kwenye shanga ya buluu. Mara ya kwanza nilipima kutoka nchani, nikafundisha kipindi kizima kwa mfano uliokosewa, hadi mwanafunzi wa dawati la nyuma aliponiumbua. Kijani mbili, swichi I na II, ziwe kati ya sentimita 14.5 na 15.5, njano tatu, III hadi V, ziwe kati ya 28 na 32.

Samahani, mnaona kijani moja imeteleza hadi tisa. Sikuibana kwa fundo dogo. Napima upya, kutoka kwenye buluu: 14.5. Vema.

Kati ya kijani na buluu ongezeni shanga ya kahawia, jeni CD79B, ambayo kazi yake ni ya seli B za damu. Msiiondoe kwa kuiona haihusiki, kwani ndiyo inayotuonyesha kwamba swichi humruka jirani na kumfikia mlengwa wake.

Tuanze na pituitari. Bandikeni punje tatu za nta kwenye swichi I, kwa kuwa ina nafasi tatu za kushikwa na protini iitwayo Pit-1. Kunjeni uzi hadi kijani iguse buluu, kisha mbane kwa kibanio cha nguo. Msifunge fundo hapa, nawasihi, msifunge, kwa sababu tutaufungua sasa hivi. Jambo moja uzi hauwezi kulionyesha: kuanzia eneo la swichi hadi kwenye jeni, protini zinazozungukwa na DNA hutiwa alama ndogo za kikemikali ziitwazo asetili, na DNA ikalegea.

Kwa kondo la nyuma, fungueni kibanio na mbandue nta, maana Pit-1 haipo huko. Zifunikeni kijani kwa karatasi, kisha vuteni njano zielekee nyeupe.

Mwisho, rudini kwenye pituitari, mkachomoe swichi I peke yake. Watafiti walifanya hivyo kwa panya waliopandikizwa kipande hiki cha DNA ya binadamu, na utengenezaji wa homoni ya ukuaji katika pituitari ukashuka mno. Tazameni: shanga ya buluu iko palepale, nzima, ila kibanio hakina cha kushika.