Paipu ya Inchi Mbili Itawaumbua: Mhadhara kwa Mafundi wa Spika, Lamu

Haya, leo tena paipu, lile tundu la hewa la boksi la spika. Nawaona mwacheka, eti huyu hana jingine. Nitakuwa na jingine siku nitakayopita mtaani nisisikie sabwufa inayopuliza kama tairi lililotoboka.

Kazi ya paipu mwaijua: puliza mdomo wa mtungi, utavuma. Hewa ya ndani ni springi, hewa ya shingoni ni uzito. Ila mtungi haupigwi taarab usiku kucha.

Tuseme boksi lina lita 60 za hewa tupu. Nafasi ya sumaku, mbao za kukazia na paipu yenyewe ishatolewa. Mwataka livume kwa hezi 32, yaani mitikisiko 32 kwa sekunde. Chukueni kipenyo cha ndani kwa sentimita, mkizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 23,562. Gawanyeni kwa hezi mara hezi mara lita. Mwisho toeni kipenyo mara 0.73, maana hewa ya midomoni nayo huhesabika. Paipu ya inchi nne, ambayo ndani huwa kama sentimita 10.4, yataka urefu wa sentimita 34. Ya inchi mbili, sentimita 4.6 ndani, yataka tano tu, haifiki!

Hapo ndipo fundi hutekwa. Fupi, rahisi, yaingia popote, na hezi ni zile zile. Kwa sauti ya chini hutamjua. Ongeza sauti: hewa ile ile yapita tundu lenye eneo la moja ya tano. Ikizidi mita 17 hivi kwa sekunde huanza kufoka, na ukizidi kusukuma paipu ni kama imezibwa, besi yapotea. Mwenye boksi atalaumu spika, na spika haina kosa.

Mtaniambia, tutie mbili za inchi mbili. Zote mbili hazifiki nusu ya moja ya inchi nne, na kila moja sasa yataka sentimita 13. Mtaniambia 34 haiingii. Tieni kiwiko, mpime kwa kufuata katikati ya paipu, na mdomo wa ndani uwe mbali na ubao sentimita 10 au zaidi. Kingo za mdomo wa nje zichongeni ziwe mviringo, zisiwe kali.

Msikate 34 kamili. Anzeni na 40, itasoma karibu hezi 30. Kwa programu ya simu pigeni mlio wa hezi moja tu kwa wakati, kwa sauti ndogo, mkishuka kutoka hezi 60. Pale koni, ule uso wa spika unaotikisika, inapokaribia kusimama na karatasi ya shashi mdomoni mwa paipu inapepea sana, ndiyo hezi yenu. Kateni sentimita moja moja. Kukata mwaweza, kurudisha, mwajua wenyewe.

Adhana i karibu, nikimbie. Tieni filta kwenye amplifaya ikate sauti za chini ya hezi 25, koni huko haina wa kuishika. MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kwa unyevu wa hapa hufura. Plaiwudi ya mafundi wa majahazi, milimita 18, gundi kila kiungo. Pamba ndani ya boksi? Ukutani mwake tu, mbali na mdomo wa paipu.