Kubadilisha cheni ya baiskeli ya mbio ya gia 11, kabla haijala kaseti

Karibuni, wapenda baiskeli. Leo kazi ni moja: cheni. Baiskeli iliyo mbele ya kamera ni ya mbio, gia 11 nyuma, sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba cheni) mbili mbele za meno 50 na 34, na kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ya meno 11 hadi 28. Kama yako ni ya gia 10 au 12, hatua ni hizi hizi, na palipo na tofauti tutapataja.

Tuanze na neno ambalo kila fundi analitumia: cheni "imevutika". Chuma hakivutwi na miguu ya mtu. Kinachotokea ni kwamba pini na tundu lake vinasagana, kila kiungo kinapata mwanya ambao jicho halioni, na ukijumlisha myanya ya pingili zaidi ya 100, cheni nzima inarefuka. Ikisharefuka, hailali tena chini kwenye bonde la jino. Inapanda ubavuni na kulichonga jino lifuate kipimo chake kipya. Hapo ndipo pesa inapotea, maana cheni ni nafuu na kaseti si nafuu.

Sasa tupime. Tumia rula ya chuma yenye inchi upande mmoja na milimita upande wa pili. Weka cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele, shika breki ya nyuma, kandamiza pedali kwa mkono ili upande wa juu ukaze. Tazama hapa kwa karibu: sifuri ya rula iko katikati ya kichwa cha pini. Usiweke kwenye ukingo wa kibamba, yaani bamba la ubavuni la pingili, kwa sababu ukingo una mviringo na utakudanganya. Kisha hesabu pini 24 kwenda mbele. Pingili moja ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo pini ya 24 ya cheni mpya inaangukia inchi 12 kamili, milimita 304.8.

Pini ikizidi kwa milimita moja kasoro, endelea kuendesha. Ikizidi kwa milimita 1.5, hiyo ni asilimia 0.5, na kwa gia 11 na 12 cheni imefika mwisho. Gia 10 kurudi chini zinavumilia hadi asilimia 0.75, kama milimita 2.3. Ikifika milimita 3, umefika karibu asilimia 1, na kaseti nayo karibu kwa hakika imeshaliwa.

Wengi wana kile kipimo cha kudumbukiza kwenye cheni. Ni cha haraka, ila vile vya bei ndogo vinasukuma roli mbili (vile vipipa vidogo vinavyozunguka kwenye pini) kuelekea pande tofauti, hivyo ulegevu wa roli zenyewe nao unaingia kwenye hesabu. Ndiyo maana kipimo hicho husema cheni imekwisha kabla ya wakati wake. Kikibishana na rula, ifuate rula.

Jambo moja kwa wenye baiskeli za mtumba, kwa sababu nyingi hufika na cheni iliyozidi asilimia 1. Usinunue cheni peke yake. Cheni mpya juu ya kaseti iliyochongwa itaruka meno ukisimama kwenye pedali, na hilo likitokea kwenye mlima wenye malori nyuma yako si mchezo. Nunua vyote viwili, au endesha hivyo hivyo mpaka vianze kuruka, ndipo ubadilishe kwa pamoja. Kwa mtu asiyeshindana, njia ya pili ni hesabu nzuri tu.

Dukani, taja idadi ya gia za nyuma. Cheni zote hizi zina pingili ya nusu inchi, kinachotofautiana ni upana. Ya gia 8 ina kama milimita 7.1 kwa nje, ya gia 11 kama 5.5. Ukilazimisha ile pana, itakwaruza sproketi ya jirani muda wote. Hakikisha ndani ya boksi kuna loki ya cheni (pingili ya kuungia inayofungwa na kufunguliwa), ya gia 11 pia, au pini maalumu ya kuungia.

Vifaa: kikata cheni kinachokubali gia 11, plaizi ya loki kama unayo, waya uliopinda kama herufi S, matambara, oili ya cheni.

Kuivua ya zamani. Badilisha gia hadi sproketi ndogo mbele na ndogo nyuma, cheni ilegee. Piga picha ya njia inayopita kwenye dereila ya nyuma, kile kifaa kinachohamisha cheni kati ya sproketi. Usiidharau picha hiyo, utaihitaji baada ya dakika 10. Loki inajulikana kwa vibamba vyake viwili vinavyofanana lakini havifanani na vingine. Weka midomo ya plaizi kwenye roli mbili za pembeni, bana, inaachia. Huna plaizi? Chukua kamba ya kiatu, ipitishe kuzunguka roli hizo mbili kama kitanzi, kisha vuta ncha zake kwa nguvu. Inafanya kazi. Cheni isiyo na loki, sukuma pini yoyote kwa kikata cheni, maana hiyo hatuirudishi.

Urefu wa cheni mpya. Kosa linaloonekana sana ni kutundika cheni mbili msumarini, kulinganisha ncha, na kukata. Fanya hesabu: pingili 110 ni milimita 1,397, na asilimia 0.5 yake ni milimita 7, zaidi ya nusu pingili. Ya zamani itaonekana ndefu kuliko ilivyo. Kwa hiyo hesabu pingili moja moja, ya ndani (nyembamba) moja, ya nje (pana) moja, mpaka mwisho. Ukitundika, tundika kwa ajili ya kuhesabu tu.

Na hata hesabu hiyo usiiamini kabla ya kuthibitisha, kwa kuwa huenda aliyeifunga ya kwanza alikosea. Pitisha cheni mpya kwenye sproketi kubwa kabisa ya mbele na kubwa kabisa ya nyuma, bila kuipitisha kwenye dereila. Vuta ncha zikutane kwa ufupi unaowezekana. Kutoka hapo ongeza pingili 2, inchi moja. Ukitumia loki, yenyewe inahesabika kama pingili ya nje, kwa hiyo ncha zote mbili za cheni lazima ziwe za ndani. Cheni nyingine hutoka kiwandani na ncha moja ya nje. Angalia kabla hujakata, usije ukabaki na ncha mbili zisizoungana.

Ukishindwa kuamua, acha ndefu. Iliyozidi kidogo italegea tu kwenye ndogo kwa ndogo. Iliyopungua, siku utakapoingia kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, itavuta dereila mbele hadi ipinde lile sikio la fremu linaloishika, au ing'oe vyote.

Kukata. Laza pingili kwenye kikata cheni mpaka ishike vizuri, zungusha mpaka ncha ya msumari iguse pini, kisha simama. Tazama: msumari uko katikati kabisa ya pini? Ukienda upande, utapinda kibamba na hutajua mpaka cheni ianze kukakamaa. Ukiwa katikati, zungusha taratibu. Mwanzoni ni ngumu, halafu unasikia imeachia. Itoe nje kabisa.

Kabla ya kupitisha, baadhi ya cheni, zikiwemo za Shimano za gia 11 zenye maandishi upande mmoja, zina upande wa nje. Maandishi yaangalie kwako ukisimama kulia kwa baiskeli.

Pitisha ncha ndani ya dereila ya mbele, ishushe nyuma juu ya sproketi ndogo ya kaseti, kisha kwenye dereila ya nyuma. Inapita mbele ya kigurudumu cha juu, halafu nyuma ya kile cha chini, umbo la S. Sasa leta jicho hapa, katikati ya vile vigurudumu viwili. Kuna kijiulimi kidogo cha chuma. Cheni inatakiwa ipite upande wa ndani wake, karibu na vigurudumu, isikisugue. Watu hukosea hapa, wanafunga loki, wanazungusha pedali, wanasikia mkwaruzo, na wanaanza kuhangaika na waya wa gia kwa saa nzima. Zile gia hazina kosa lolote. Fungua tena, pitisha upya. Ile picha iko wapi?

Shikilia ncha mbili kwa waya wa S ili mikono ibaki huru. Ingiza nusu moja ya loki kutokea mbele, nyingine kutokea nyuma, vuta kila upande ziingiliane. Loki yenye mshale, mshale uelekee cheni inakokwenda: kwenye upande wa juu, ni kuelekea mbele. Kisha zungusha pedali mpaka loki ifike upande wa juu kati ya kaseti na krenki (mkono wa pedali), shika breki ya nyuma, kandamiza pedali kwa nguvu. Utasikia mlio mmoja mkavu. Usiposikia, angalia kama pini zote mbili zimefika mwisho wa tundu zake. Loki nyingi za gia 11 ni za kutumia mara moja. Ukifungua, weka nyingine. Iliyolegea hufunguka yenyewe, na hufunguka wakati umekandamiza.

Kwa wanaotumia pini ya kuungia: paka tone la oili, isukume kwa kikata cheni mpaka itokeze sawasawa na jirani zake, vunja mkia wake kwa plaizi. Pini ya zamani hairudishwi, tundu lake limeshapanuka. Kiungo kikikakamaa, shika pande zote mbili na ukipinde kidogo kushoto na kulia, kwa ubavu. Kitalegea.

Oili. Grisi ya kiwandani iliyo ndani ya cheni mpya ni nzuri, usiioshe. Futa nje tu kwa tambara kavu, maana ule unato wa nje ndio unaokamata vumbi. Wanaotumia nta badala ya oili ndio pekee wenye sababu ya kuiosha yote, kwa sababu nta haishiki palipo na mafuta. Baadaye cheni ikianza kulia, tia tone moja kwa kila roli, upande wa ndani wa mstari wa chini, ukizungusha pedali kinyumenyume. Acha saa chache iingie, ndipo ufute mpaka nje pawe karibu pakavu. Oili inafanya kazi ndani. Ile ya nje ni mtego wa vumbi, na vumbi jekundu likichanganyika na oili linakuwa msasa.

Kwa sababu hiyo hiyo, oili chafu ya injini ikae mbali na cheni. Ni nzito, imebeba masizi na unga wa chuma. Dawa ya kopo ya kulegezea kutu nayo si oili ya cheni, itaondoa ile iliyokuwemo na kukauka. Kusafisha, mafuta ya taa yanatosha, kwa brashi, mbali na diski za breki na gololi za magurudumu. Petroli hapana, cheche moja tu inatosha.

Sasa jaribio. Jaribu barabarani, kwa sababu kwenye stendi hakuna mzigo. Tafuta mwinuko mfupi usio na magari, kaa sproketi za meno 11 hadi 14, kandamiza taratibu ukiwa umekaa. Usisimame bado. Cheni ikiruka kwenye sproketi moja au mbili tu chini ya mzigo, na zingine zikiwa kimya, sproketi hizo zimekwisha, na mara nyingi ni zile unazozipenda. Ikigonga kidogo kidogo kwenye karibu kila gia, ni waya wa gia: zungusha nati yake ya kurekebishia robo mzunguko, sikiliza, robo tena. Na ikiruka kwa mpangilio, kila mizunguko miwili na kitu ya pedali ukiwa kwenye 50 mbele, hiyo ni pingili moja iliyokakamaa. Pingili 110 kugawanya kwa meno 50 ni 2.2. Rudi kwenye loki uanzie hapo.

Maliza na dereila ya mbele. Ukiwa ndogo mbele na kubwa nyuma, kibamba chake cha ndani kiwe karibu nusu milimita kutoka kwenye cheni bila kuigusa. Kikiwa mbali zaidi, cheni ina nafasi ya kuangukia ndani, hasa ukibadilisha gia huku umekandamiza. Tour de France ya 2010, hatua ya 15, Andy Schleck akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza alishambulia kwenye mlima wa Port de Balès, cheni ikamtoka. Alberto Contador akampita na kumwacha sekunde 39, na Paris pengo lilikuwa sekunde 39 zile zile. Contador alivuliwa ushindi huo baadaye. Punguza nguvu kwa nusu mzunguko, badilisha, kisha kandamiza.

Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha plasta, ukibandike chini ya siti. Rula irudi kwenye cheni baada ya kilomita 1,000, au mapema zaidi kama masika yamekukuta barabarani.