Martha Karua: Wakili Aliyeingia Siasani na Faili Mkononi

Mabibi na mabwana, nianze na jambo ambalo wengi hulipita haraka. Mwaka 2001 mswada wa mapitio ya katiba uliletwa bungeni Nairobi. Upinzani ukaukataa, ukainuka, ukatoka nje. Martha Karua, mbunge wa upinzani, naye aliukataa, lakini hakutoka. Alibaki ukumbini, akatoa pingamizi zake hadi zikaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Mawakili mlio hapa mnaijua tabia hiyo: pingamizi usiloliweka kwenye kumbukumbu za mahakama ya chini, huko kwenye rufaa huna pa kulishika.

Aliianza kazi upande wa pili wa meza. Kuanzia 1981 alikuwa hakimu, akahudumu mahakama za Makadara na Kibera, na mwaka 1987 akafungua ofisi yake ya uwakili. Miaka ile, enzi ya Moi, aliingia kwenye kesi za kisiasa, miongoni mwao ile ya uhaini ya wanasiasa wa upinzani Koigi wa Wamwere na Mirugi Kariuki. Uhaini adhabu yake ni kifo, na kwa sheria ya wakati huo mshtakiwa hakuwa na dhamana. Kwa hiyo kila kuahirishwa kwa kesi ni wiki nyingine mteja anaimalizia rumande.

Mwaka 1992 aliwania ubunge wa Gichugu. Kwenye mchujo wa chama cha Ford-Kenya alibwagwa na Geoffrey Kareithi, aliyewahi kuwa mkuu wa utumishi wa umma. Hapo ndipo wengi hukwama, maana kabla ya katiba ya 2010 hapakuwa na mgombea huru Kenya. Bila tiketi ya chama, jina haliingii kwenye karatasi ya kura. Wazee wa chama cha Democratic Party (DP) wakampa tiketi yao, akashinda.

Uwaziri nitaupitia kwa kasi. Alikuwa Wizara ya Maji wakati Sheria ya Maji ya 2002 inaanza kutekelezwa: wizara ikabakiziwa sera, huduma ikaenda kwa bodi, na msimamizi wa bei na ubora akawa chombo cha peke yake. Baadaye akapewa Sheria na Katiba, akajiuzulu Aprili 2009 baada ya majaji kuteuliwa bila yeye kuhusishwa. Wengi tulimpigia makofi. Mwaka 2013 akagombea urais, akapata kura 43,881, ambazo hazifiki hata nusu asilimia. Makofi hayahesabiwi kituoni.

Sasa tuje Kirinyaga, 2017, maana hapa pana somo la kazi. Aligombea ugavana, mpinzani wake akatangazwa mshindi, naye akaenda kortini. Kesi ya kupinga ugavana ina ngazi zake: unaifungua ndani ya siku 28 tangu matokeo kutangazwa, unaweka dhamana ya gharama, shilingi 500,000, ndani ya siku 10 za kufungua, na Mahakama Kuu lazima iamue ndani ya miezi 6. Miezi hiyo haisimami hata mkiwa kwenye rufaa. Watu husahau hilo.

Novemba 2017 Mahakama Kuu iliitupa kesi yake kwa kasoro za kiufundi, ushahidi haujasikizwa. Akakata rufaa, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikaifufua. Kesi ikarudi chini, ikasikizwa, ikatupwa tena Juni. Alipokata rufaa mara ya pili, akaambiwa miezi 6 ilikuwa imekwisha, hivyo Mahakama Kuu haikuwa tena na mamlaka ya kusikiza kesi ile. Mahakama ya Upeo ikakubaliana na msimamo huo 2019. Tazameni hesabu ilivyokaa: kosa la kuitupa kesi lilikuwa la mahakama, lakini muda uliopotea ukakatwa kwa mlalamishi.

Angeweza kuishia hapo. Akaenda Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Huko nako mlango ni mwembamba: mkataba wa jumuiya unampa mlalamishi miezi 2 tu ya kufungua kesi. Novemba 2020 mahakama hiyo ikasema Kenya ilikiuka haki yake ya kusikizwa, ikaamuru alipwe dola 25,000. Kiti cha ugavana hakikuguswa, na muhula ulikuwa umebakiza chini ya miaka miwili.

Mwaka 2022 alikuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga. Wakashindwa, wakaenda Mahakama ya Upeo, wakashindwa tena. Kesi ya urais huamuliwa ndani ya siku 14. Mwishoni mwa 2024 aliomba kibali cha muda cha uwakili Uganda ili amtetee Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa huko. Akanyimwa. Akaomba upya, na Januari 2025 akakipata.