Ndoo Ikinyamaza: Lini Bia ya Nyumbani Iingie Chupani

Kamwene! Wakubwa, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie kupika bia nyumbani, ila kupika wengi humu mnanizidi. Mama zetu wanaotesha ulezi wa komoni, pombe yetu ya kienyeji, tangu sijazaliwa. Nitazungumzia siku moja tu, siku ya kuifunga bia kwenye chupa. Hapo ndipo nilipoumia.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, shemeji yangu alikuwa anaoa Morogoro. Nikapika lita 20 hapa Iringa, za kimea cha shayiri. Siku ya sita povu lilikuwa limeshuka, na kile kimrija nilichokitumbukiza kwenye chupa ya maji kilikuwa kimya kabisa. Nikasema imeiva. Nikatia sukari kidogo ya kuipa gesi, nikapiga vizibo chupa 36, siku ya safari nikazipakia kwenye buti la basi. Huku juu, salama. Tumeteremka Kitonga, tumefika Ruaha Mbuyuni, joto la pale mnalijua, wauza vitunguu wamelizunguka basi, tukasikia paa! Kondakta akainama kuangalia tairi. Ikaja ya pili, ya tatu. Suti ya bwana harusi ilikuwa kwenye buti hilohilo. Tuishie hapo.

Kosa lilikuwa nini? Hamira haikuwa imemaliza kazi, ilikuwa imesinzia. Hamira nyingi tunazotumia hupenda nyuzi 18 hadi 22, na chumba changu usiku wa Julai hushuka hadi 13. Ikipigwa baridi inajikunyata na kuzama chini. Ndoo inanyamaza, juu panang'aa, nawe unadhani mambo yamekwisha kumbe sukari bado imo. Ikishuka bondeni inaamka na kuendelea pale ilipoishia, safari hii ndani ya chupa iliyofungwa.

Hapa nataka niwatetee bibi zetu. Bibi huweka sikio kwenye pipa la komoni, akisikia linavyochemka anajua leo jioni au kesho asubuhi. Hakosei. Lakini komoni hunywewa ikiwa hai, na chombo kiko wazi. Hata muuza ulanzi, pombe ya mianzi, togwa yake tamu ikianza kugeuka mkangafu, yaani ulanzi mkali, hakikazi kifuniko cha dumu; anajua kitamrukia. Sikio la bibi linajua pombe imeanza na imefika wapi. Kwamba imekwisha, sikio halisemi. Chupa ndiyo inayotaka jibu hilo.

Jibu linatoka kwenye haidromita. Ni hiki kijiti cha kioo, kina uzito chini na namba shingoni. Kwenye maji matupu kinasimama 1.000. Kwenye togwa yangu, yaani maji matamu ya kimea kabla ya hamira, kilisimama 1.048, kwa sababu sukari inakibeba. Kadiri hamira inavyoila, kijiti kinazama. Bia ya namna hii huishia karibu na 1.010, wakati mwingine juu kidogo, inategemea kimea na jinsi ulivyokipika.

Kwenye tarakimu za mwisho, kila hatua moja, kama kutoka 1.011 hadi 1.010, inahesabiwa pointi moja. Pointi mbili zilizobaki kuliwa zitatoa gesi karibu sawa na gramu 4 za sukari kwa lita. Kipimo cha kawaida unapofunga chupa ni kama gramu 6 kwa lita. Sasa fikiria bia iliyosinzia kwenye 1.022. Pointi 12 zimebaki, sawa na gramu 24 kwa lita, mara nne ya kipimo, na wewe bado hujatia yako.

Tazameni ninavyopima. Nimechota kwa bomba safi, nimejaza gilasi ndefu. Nakizungusha kijiti kwa vidole, hivi, kwa sababu vipovu vikiking'ang'ania vinakiinua na kukudanganya. Nainama jicho liwe sawa na uso wa bia. 1.012. Hiki changu kimetengenezwa kwa nyuzi 20, kwa hiyo naacha sampuli ifikie joto hilo. Nikishasoma nainywa, siirudishi kwenye ndoo.

Namba moja haitoshi. Nasubiri siku tatu, napima tena. Zikilingana, vizuri, lakini kwa baridi yetu hata bia iliyosinzia itakupa namba mbili zinazolingana! Kwa hiyo siku ya kwanza, mara tu baada ya kutia hamira, chota bilauri moja, iongezee hamira nyingi, ifunike kwa kitambaa, iweke karibu na jiko. Hiyo itamaliza mapema, siku mbili tatu. Ikiishia 1.011, basi unajua ndoo nayo inaelekea huko. Ndoo ikigoma 1.020, usifunge. Isogeze penye joto, itikise taratibu bila kuifungua, isubiri.

Kuna anayeuliza kama ni lazima kuihamishia chombo cha pili kwanza. Mimi sihamishi. Bia itakayokaa wiki mbili tatu haidhuriwi na mashapo yake. Kila mpira unaoutumbukiza unaingiza hewa na vijidudu. Hamisha kama unaongeza matunda au unataka ikae miezi.

Namba zikitulia, nusa. Mimina vikombe viwili, kimoja kizamishe kwenye maji ya moto dakika ishirini, kipoe, kisha linganisha. Kile cha moto kikinukia siagi, kama bisi za mtaani, hamira bado ina usafi wa kufanya. Ipe siku mbili tatu penye joto na harufu itaondoka. Ukifunga sasa, siagi hiyo utainywa.

Na siku ya kufunga, jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo. Ya kioo haikuambii kitu mpaka ipasuke. Ya plastiki unaiminya; ikiwa ngumu, gesi imetosha. Hii niliifunga siku kumi zilizopita. Mama hapo mbele, naomba uibonyeze. Ngumu kama jiwe, sivyo? Basi wenzake leo jioni wanaingia kwenye friji, na hii tunaifungua sasa hivi. Nani ana kikombe?