Vifaru 33 Vilivyopita Likoni

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji. Mimi Zuhura, niko Mombasa, kahawa chungu iko mkononi. Mwenzangu Musa yuko Dar.

MUSA: Niko, dada, ila umeme wetu mnaujua. Nikipotea katikati, msiseme nimekamatwa.

ZUHURA: Na leo wangekuelewa! Mada ni nyaraka za siri za serikali zinazovuja.

MUSA: Mimi nilitaka tuanze na Washington. Zuhura amegoma.

ZUHURA: Nimegoma kwa sababu kuna siri iliyopita hapa Likoni, mchana kweupe, watu tukiwa kwenye feri. Februari 12, 2009. Feri husimama kupisha meli kubwa zinazoingia Kilindini, na siku hiyo iliyopishwa ni MV Faina. Nakumbuka mwanamke mmoja mwenye ndoo ya mihogo akauliza, "Ndiyo hiyo?" Hakuna aliyemuuliza hiyo ipi. Sote tulijua.

MUSA: Kwa aliyekuwa mdogo wakati huo, mweleze.

ZUHURA: Faina ilikuwa meli ya Waukraine, bendera ya Belize, ikija Mombasa. Septemba 25, 2008 maharamia wa Kisomali wakaiteka. Walidhani wamepata meli ya mizigo kama nyingine, kumbe ndani kuna vifaru 33 aina ya T-72, silaha nyingine na risasi. Manowari za Marekani zikaja kuilinda kwa mbali, vifaru visije vikashushwa Somalia. Miezi minne na zaidi, mpaka ikalipwa fidia ya dola milioni 3.2, pesa zikadondoshwa baharini kwa parachuti.

MUSA: Hiyo sehemu ya parachuti dunia nzima iliipenda. Swali la vifaru ni vya nani likawa halina soko.

ZUHURA: Hapa lilikuwa na soko! Serikali ya Kenya ilisema ni vyetu, ni vya jeshi letu. Lakini Andrew Mwangura, aliyekuwa akiendesha mpango wa kuwasaidia mabaharia hapa Mombasa, yule ambaye waandishi wa dunia nzima walimpigia simu kila meli ilipotekwa, akasema mzigo unakwenda Sudan Kusini, wakati huo bado sehemu ya Sudan. Oktoba mwanzoni akakamatwa, akafikishwa mahakamani kwa kutoa habari za kuleta taharuki.

MUSA: Kisha ikaja ile hati ya shehena.

ZUHURA: Eh! BBC wakaonyesha hati ya shehena, na kwenye namba za mkataba kuna herufi nne: G, O, S, S. Mtu yeyote aliyefanya kazi na mashirika ya misaada Lokichoggio, kule mpakani na Sudan, alizijua. Ndicho kifupi cha Kiingereza cha Serikali ya Sudan Kusini. Wakubwa wetu wakajibu kwamba hapana, herufi hizo ni kifupi cha idara ya zana na usalama jeshini.

MUSA: Aisee, kuna mtu alikaa mezani akatafuta maneno manne yanayoanza na herufi zile.

ZUHURA: Na nina hakika alijipongeza.

MUSA: Sasa niruhusu nilete Washington yangu. Mwaka 2010, mchambuzi wa intelijensia wa jeshi la Marekani, Chelsea Manning, akiwa kambini Iraki, anachoma nyaraka kwenye CD aliyoiandika "Lady Gaga". Huku anachoma, huku anaigiza kuimba, ili wenzake wadhani ni muziki. Humo zilikuwamo nyaraka za kibalozi zaidi ya 250,000. Kupitia WikiLeaks, mtandao wa kuchapisha siri, zikafika kwenye magazeti matano makubwa: la London, la New York, la Hamburg, la Paris na la Madrid. Novemba 28, 2010 yakaanza kuchapisha.

ZUHURA: Na Desemba ikafika zamu ya vifaru vyetu.

MUSA: Hapo ndipo pananivutia. Wamarekani walijua mapema. Katika waraka mmoja, mkuu wa majeshi wa Kenya, Jenerali Kianga, anawaambia Wamarekani kwamba amechanganyikiwa: shehena za nyuma zilikwenda kwa kushauriana nao, leo mbona wamegeuka? Chini ya Bush walikuwa wamefumba jicho. Alipoingia Obama wakaanza kutishia vikwazo, kwa sababu Sudan ilikuwa kwenye orodha yao ya nchi zinazofadhili ugaidi.

ZUHURA: Wenye nyumba wamebadilika, mpangaji hajaambiwa.

MUSA: Na Waukraine je! Mkutano wa Kyiv, mwaka 2009. Wanakana: tumeiuzia Kenya, basi. Mmarekani anatoa picha za setelaiti zilizoruhusiwa kuonyeshwa: vifaru vinashushwa Kenya, vinapelekwa stesheni ya treni, halafu vipo Sudan Kusini. Waraka unasema upande wa pili wa meza kukawa na mtafaruku.

ZUHURA: Hebu fikiria uso wa yule mzee wa Kyiv.

MUSA: Lakini dada, hapa ndipo mimi na wewe tunapoachana. Kuna siri zinazolinda mambo. Kura ya maoni ya Sudan Kusini kujitenga ilianza Januari 9, 2011. Waraka unachapishwa Desemba 2010, mwezi mmoja kabla. Khartoum, yaani serikali ya Sudan, ikitaka kisingizio cha kuvuruga kura, wamewekewa mkononi. Ingekuwa mimi ndiye mhariri New York, ningesubiri Februari.

ZUHURA: Khartoum walikuwa hawajui? Musa, maharamia walijua! Vijana wa Hobyo wenye bunduki na miraa walipanda meli wakakuta vifaru. Dunia ikaambiwa. Khartoum wana majasusi, wana ubalozi Nairobi. Sasa nikuulize, kuanzia 2008 mpaka 2010, siri hii ilikuwa inafichwa nani asijue?

MUSA: Haya, nani?

ZUHURA: Mlipa kodi wa Kenya. Na yule wa Ukraine. Na bunge. Sudan inajua, Marekani inajua, haramia anajua, mama wa mihogo anajua. Asiyetakiwa kujua rasmi ni yule ambaye jina lake limetumika kununulia. Ndiyo maana sipendi watu wakisema uvujaji "umefichua". Haukufichua kitu. Uliwanyima wakubwa nafasi ya kukana.

MUSA: Hilo nalikubali nusu. Nusu nyingine siikubali, na sababu yangu ni Septemba 2011. Yale magazeti matano yalikuwa yanafuta majina ya watu waliozungumza na mabalozi kwa siri. Kisha WikiLeaks ikamwaga zote, majina bila kufutwa. Magazeti yenyewe yakalaani. Fikiria mwanaharakati kwenye nchi ngumu, alikunywa chai na ofisa wa ubalozi akamwambia jambo moja. Jina lake liko nje. Huyo si mkubwa anayekana, dada. Huyo ni Mwangura mwingine.

ZUHURA: ...Hapo umenibana.

MUSA: Niandikie hiyo tarehe na saa.

ZUHURA: Usizoee. Sawa, kumwaga zote ilikuwa kosa, nasema wazi. Lakini tazama waliolipa ni kina nani. Balozi wa Marekani Mexico, Carlos Pascual, alijiuzulu Machi 2011 baada ya maneno yake kuhusu jeshi la huko kuvuja. Ecuador ikamfukuza balozi Heather Hodges Aprili. Manning akahukumiwa miaka 35, Obama akaipunguza, akatoka Mei 2017. Julian Assange, mwanzilishi wa WikiLeaks, alipita pote alipopita, mwaka 2024 akakiri kosa moja mahakamani Saipan, kisiwa cha Marekani cha mbali kabisa, akarudi kwao Australia. Aliyeandika, aliyevujisha, aliyechapisha. Aliyefanya lile jambo lenyewe humwoni kwenye foleni.

MUSA: Na sisi tulisoma habari za bandari ya Mombasa kutoka gazeti la New York.

ZUHURA: Hilo liliniuma kuliko yote. Wenzetu wa magazeti ya hapa walikuwa wameandika tangu 2008! Lakini neno la mwandishi wa hapa lilikuwa "uvumi". Lilipopigwa mhuri na ofisa wa Kimarekani likawa ukweli. Siri ya mtungi aijuaye kata, wasemavyo, ila kata yetu haisadikiwi mpaka mgeni aje kuchungulia mtungi.

MUSA: Kabla hatujafunga, nina kisa cha karibuni, maana vijana hawaijui Faina. Aprili 2023, Jack Teixeira, umri miaka 21, askari wa anga wa akiba Massachusetts. Huyu hakuwa na hoja yoyote ya kisiasa kama Manning. Alikuwa anapiga picha karatasi za siri na kuwawekea rafiki zake wa michezo ya video kwenye Discord, mtandao wa kupigia soga. Zimekunjwa, nyuma yake unaona vitu vya nyumbani. Novemba 2024 akapewa miaka 15.

ZUHURA: Kwa sifa tu?

MUSA: Na katika makaratasi hayo na Nairobi imo. Wamarekani walikuwa wakisikiliza mazungumzo ya ndani ya Umoja wa Mataifa. BBC waliripoti waraka ambao Naibu Katibu Mkuu, Amina Mohammed, anamwambia Katibu Mkuu Guterres kwamba Rais Ruto ni mtu asiye na huruma, na kwamba hamwamini.

ZUHURA: Wasikilizaji wa Kenya, tafadhali, huyo ni Amina Mohammed wa Nigeria. Si Amina Mohamed wetu aliyekuwa waziri wa mambo ya nje. Msije mkamwandama mtu bure.

MUSA: Kinachonishangaza, watu walibishana kama maneno yale ni kweli kuhusu Ruto. Wachache waliuliza kwa nini simu za Umoja wa Mataifa zinasikilizwa.

ZUHURA: Umbea una nguvu kuliko sheria, mwanangu. Hata mimi nilianza na ule umbea.

MUSA: Dakika zetu zimekwisha. Una la mwisho la Faina?

ZUHURA: Lipo. Kwenye baraza ya mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja, mstaafu wa reli, marehemu sasa. Vifaru vilipoondoka bandarini kwa treni, yeye alikwenda kuyatazama mabehewa kama watu wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Desemba 2010 nikamletea gazeti, nimefurahi, nikamwambia, "Babu, yametoka! Wameandika yote!" Akavaa miwani, akasoma taratibu, kahawa ikapoa. Akakunja gazeti akanirudishia. Akasema, "Hawakuandika yalikuwa mabehewa mangapi."