Volti na ampia: tupime kwanza ndo tulaumu betri

Wazee wangu shikamooni, na nyie wenzangu mwangaluka. Asanteni kuja, najua mbalamwezi imejaa, dagaa hamuendi leo, ndo maana nikaomba tukae siku hii.

Naanza na kitu kilichotokea hapa hapa Igombe. Mzee mmoja mwenye mitumbwi aliniita akaniambia fundi, betri zinanitesa, nimeshanunua mbili na taa ya mbele bado inawaka kinyonge kama karabai iliyoishiwa upepo. Kabla yangu alishaitwa fundi mwingine, akashika betri akasema hii imekufa, basi, hela ikaenda. Hakupima hata kitu kimoja, na hiyo iliniuma sana manake mzee alikuwa amekopa kununua ile betri ya pili.

Betri iko nyuma ya mtumbwi, taa iko mbele, waya umepita chini ya mbao. Taa ikiwa inawaka nikaweka mita, kile kifaa cha kupimia umeme, kwenye betri, nikasoma volti 12, yaani msukumo wa umeme. Nikaenda mbele nikaweka kwenye miguu ya taa yenyewe, volti 9. Halafu nikachomoa waya mmoja kwenye betri nikaupitishia ndani ya mita ili mkondo wote, yaani umeme unaopita, upite humo, ikasoma ampia 4. Basi, hizo namba tatu zinatosha, hakuna kingine cha kupima.

Sasa tupige hesabu pamoja, toeni simu zenu. Nguvu ni volti mara ampia. Betri inatoa 12 mara 4, wati 48. Taa inapokea 9 mara 4, wati 36. Wati 12 ziko wapi? Ziko kwenye waya, njiani, zinapasha joto mbao za mtumbwi! Nikaingiza mkono chini nikaushika ule waya, kweli ulikuwa una joto. Ukinzani wake, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme kupita, unapimwa kwa omu na unaupata hivi, chukua volti zilizopotea gawanya kwa ampia, 3 kwa 4, unapata omu 0.75. Ukitaka kuhakikisha, zidisha ampia kwa ampia halafu kwa omu, 4 mara 4 mara 0.75, zinarudi zile zile wati 12. Mimi hapo ndo huwa napapenda, unafika kwa njia mbili na jibu ni moja.

Kumbe ulikuwa waya wa spika, mwembamba kama uzi wa kushonea nyavu. Tukaweka waya wa milimita 2.5 za mraba, wa kopa safi, yaani shaba. Kutoka betri mpaka taa ni mita 8 ila hesabu ni mita 16, kwa sababu umeme unakwenda na unarudi, na hapo kwenye kurudi ndo watu wengi wanasahau. Kopa yenye unene wa milimita moja ya mraba ina kama omu 0.0172 kwa kila mita, kwa hiyo 0.0172 mara 16 gawanya kwa 2.5 unapata omu 0.11. Kwa mkondo ule ule wa ampia 4 waya mpya unakula volti 0.44, hata wati 2 hazifiki. Taa iliwaka mpaka mzee akafunika macho.

Kuna kijana ameuliza mbona waya mwembamba hivo nyumbani unawasha balbu na hamna shida. Swali zuri sana hilo. Wati 48 kwenye umeme wa volti 230 ni ampia 0.2 tu, zile omu 0.75 zinakula volti 0.15, nani ataona? Kwenye volti 12 wati hizo hizo zinadai ampia 4. Watu wanadhani volti 12 ni umeme mdogo kwa hiyo waya wowote unafaa, lakini ni kinyume kabisa, volti zikipungua ampia zinapanda, na ampia ndo zinazotaka waya mnene.

Kanuni ile ya kugawanya volti kwa ampia upate omu aliiandika Georg Ohm, mwalimu wa Kijerumani, mwaka 1827, wengi wakampuuza mpaka 1841 ndo akapewa medali kubwa kule Uingereza. Ila ina mpaka wake. Chukua balbu ya zamani ya wati 100 kwa volti 230, hesabu inasema omu 529, ukiipima ikiwa baridi unapata kama 40 hivi. Kanuni haijadanganya, ule uzi wa ndani ukipata moto ukinzani unapanda sana. Taa za LED nazo zina tabia yake, ukinzani unaoupata ni wa pale pale ulipopima, ukibadilisha volti hesabu inabadilika.

Mama pale nyuma anasema jagi lake la umeme jioni linachelewa kuchemka. Mama, jagi la wati 2000 kwa volti 230 lina kama omu 26.5, na hizo omu hazibadiliki sana. Jioni volti zikishuka hadi 180, zidisha 180 kwa 180 gawanya kwa 26.5, unabaki na wati 1,220 hivi. Jagi ni zima, usilitupe.

Jambo moja la mwisho, naomba mnisikilize vizuri. Ukipima ampia mita inakaa katikati ya njia, usiiweke kwenye ncha mbili za betri hata siku moja, ndani yake ukinzani ni mdogo mno, fyuzi inakatika au mita inaungua mkononi mwako. Volti ndo unagusa ncha mbili.

Haya, nani kaja na betri na taa yake? Sogea hapa mbele, washa kwanza, tuanze na volti za kwenye betri.